Adabu za Warusha Visahani wa Mto Clackamas

Mtu mgeni akiingia katika bustani ya Milo McIver siku ya Jumamosi, karibu na mji mdogo wa Estacada katika jimbo la Oregon, akawakuta chini ya misonobari wazee wenye mvi, akina mama waliobeba watoto mgongoni na vijana wa ndevu zisizojua kitana, wote wakiandamana kwa miguu na mikoba mabegani huku wakirusha visahani vya plastiki kuelekea vikapu vya chuma, aghalabu huondoka na moja katika dhana tatu: ama watu hao hawana kazi, ama hawana fedha za kucheza gofu ya mpira na fimbo, ama wamelewa. Dhana zote tatu nimezisikia. Nimezisikia kwa majirani zangu Waamerika, ambao huzitoa kwa tabasamu, nimezisikia kwa jamaa zangu waliokuja kunitazama kutoka Tanga, ambao hawakuona haja ya tabasamu, na mtoto wa ndugu yangu akaaye Portland, kijana msomi, mwenye adabu katika mambo mengine yote, aliniambia waziwazi, "Shangazi, hawa ni watoto wa chekechea waliokimbiwa na mwalimu."

Nisingeinua kalamu kwa sababu ya dhihaka peke yake, maana mchezo wowote ukitazamwa na asiyeujua ni upuuzi, na mzee anayehesabu kete za bao barazani tangu alasiri hata magharibi hana hoja ya kumshinda apitaye akicheka. Kinachonisukuma ni jambo jingine. Kaumu hii ya warusha visahani, ambayo ilinipokea nilipokuwa mgeni katika mji usionijua, ina mila zake, zilizotungwa bila amri ya serikali wala ya dini, zikashikwa kwa haya na heshima tu kwa muda wa miaka karibu hamsini. Na mila hizo sasa zinapukutika mbele ya macho yangu, wala hazipukutishwi na wanaoucheka mchezo bali na wanaoupenda. Nataka ijulikane zilikuwaje kabla wenyewe hawajazisahau.

Mto Clackamas hushuka kutoka safu ya milima ya Cascade, ukapita Estacada, ukaenda kuungana na mto Willamette karibu na Oregon City. Maji yake ni baridi hata wakati wa kiangazi, na samoni huupanda kila mwaka kwenda kutaga. Ndani ya bustani yenyewe kipo kituo cha kuangulia mayai ya samaki hao. Wenyeji wa asili, Waclackamas, ambao jina lao ndilo lililobaki juu ya maji, walitiliana mkataba na serikali mwaka 1855 kisha wakahamishiwa Grand Ronde, na mwenye kutaka kuomboleza mila zilizopotea kando ya mto huu yampasa aanzie hapo. Maombolezo yangu mimi, yakiwekwa karibu na hayo, ni madogo, nami nayaleta hivyo hivyo yalivyo. Bustani ilipata sifa, au kashfa, mwaka 1970, pale gavana Tom McCall alipowaachia vijana kwa maelfu wapige muziki na kujistarehesha humo siku kadhaa ili wasiende Portland kugombana na mkutano wa askari wa zamani. Tamasha hilo liliitwa Vortex I. Naona mimi kwamba nusu ya maneno yanayosemwa leo juu ya warusha visahani ni deni la tamasha lile, ambalo walio wengi kati yao hawakuwa hata wamezaliwa lilipofanyika.

Mchezo wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Viko vikapu 27 vilivyotawanyika msituni na uwandani. Kila kikapu ni karai la chuma juu ya nguzo, na juu yake imening'inia minyororo inayokinga kisahani na kukiangusha ndani. Mchezaji husimama mahali palipotengwa, akarusha, akakifuata kisahani kilipoangukia, akarusha tena kutoka hapo, hata kiingie. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Visahani si vile vya kuchezea ufukweni: ni vidogo, ni vigumu, vina ukingo mwembamba, na uzito wake haupiti gramu 200. Viko vya kwenda mbali, viko vya masafa ya kati, na viko vya kulengea kikapu. Mtu akikueleza zaidi ya hapo ujue anataka kukuuzia.

Mila nyingi zina asili yake kwa mtu mmoja, Ed Headrick wa California, aliyekuwa mtumishi wa Wham-O, kampuni iliyouza visahani vya Frisbee. Mwaka 1975 alipanga kiwanja cha kudumu katika bustani ya Oak Grove, ukingoni mwa bonde la Arroyo Seco, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, ambacho hadi leo humpa kila mwanachama nambari ya maisha. Yeye mwenyewe alishika nambari ya kwanza. Hapo mwanzo hapakuwa na minyororo bali nguzo tupu, na watu wakawa wanabishana kama kisahani kimeigusa nguzo au kimepita kando, hata Headrick, akiisha kuchoshwa na ubishi huo, akabuni kikapu cha minyororo na kupewa hataza yake mwaka 1977. Chombo ambacho wageni hukidhania pambo kilitungwa basi ili kukata shauri, maana mlio wa minyororo na kisahani kilichotulia ndani ya karai havihitaji shahidi.

Lakini jambo lake kubwa ni la mwisho. Headrick alifariki mwaka 2002, na kwa wasia wake majivu ya mwili wake yalichanganywa na plastiki, vikafinyangwa visahani, vikagawiwa jamaa na rafiki zake, na vingine vikauzwa kwa ajili ya makumbusho ya mchezo. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu alinyamaza kitambo, akasema, "Astaghfirullah," kisha akaniomba tuzungumze habari ya bei ya nazi. Sikumlaumu. Sisi tuliozaliwa Pangani, tuliofundishwa kwamba maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kurudishwa mchangani bila kucheleweshwa, hatuwezi kulitazama jambo hilo kwa macho makavu, wala sitaki msomaji adhani nalipendekeza. Walakini nataka aelewe kwa nini halikuwashangaza wao. Wengi wa watu hawa hawana kanisa linalowakusanya wala ukoo unaokaa pamoja. Wazazi wako Florida, ndugu wako Texas, watoto wamekwenda wanakokujua wenyewe, na mji wanamoishi wameuchagua kwa sababu ya kazi ya mbao au ya ujenzi ambayo pengine imekwisha kwisha. Afapo mwenzao hawana pa kwenda ila kiwanjani. Nimehudhuria mikutano yao ya namna hiyo, nami siioni aibu. Hukutana asubuhi kwenye kikapu alichokipenda marehemu, au alichokilaani zaidi, maana mara nyingi ni kimoja. Kila mtu akasema neno lake, refu au fupi. Kisha kisahani cha marehemu hutolewa mkobani kikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akikitazama mikwaruzo yake kana kwamba anasoma, na aliye mdogo kuliko wote ndiye hupewa akirushe. Halafu wote hurusha vyao kwa pamoja, na hapana anayehesabu. Mjane mmoja, mwanamke mcha Mungu asiyekosa ibada ya Jumapili, aliniambia kwamba kanisani walimwombea mumewe vizuri sana, ila mchungaji alilikosea jina lake mara mbili, na kiwanjani hakuna aliyelikosea.

Nije kwenye adabu za zamu, ambazo ndizo huwatia wageni makosani upesi zaidi. Aliye mbali na kikapu kuliko wenziwe ndiye arushaye kwanza, na aliyefanya vyema kwenye kikapu kilichopita ndiye afunguaye kinachofuata. Anaposimama kurusha, wengine husimama nyuma yake, hawasogei, hawakohoi wakiweza kujizuia, wala hawafungui mkoba. Maneno hukatwa katikati na kumaliziwa baada ya kisahani kutua. Siku moja bwana mmoja wa mjini alipita akatusalimu kwa sauti kuu, asijibiwe na mtu, akaenda akasimulia dukani kwamba warusha visahani ni watu wa kiburi. Laiti angengoja kidogo angelipata salamu nyingi kuliko alizotaka, maana hawa ni watu wa maneno. Kadhalika bustani ina njia za wapanda farasi, na farasi hushtuka kwa mlio wa minyororo, kwa hiyo mchezaji amwonapo mpanda farasi huteremsha mkono, hata kama ni siku ya mashindano na upepo umetulia wakati huo tu, akangoja mpaka mnyama apite. Hapana bango linaloagiza hivyo. Mtoto hujifunza kwa kumwona mzee akiteremsha mkono.

Wala hapana mwamuzi. Mtu akiwa ndani ya mita kumi na kikapu haruhusiwi, akiisha kurusha, kukanyaga mbele ya alama yake kabla hajapata utulivu wa mwili, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujua kwamba amekanyaga. Kila kikapu kikimalizika, mwenye karatasi ya hesabu hutaja jina, na mwenye jina hujibu kwa idadi ya mirusho yake, kwa sauti, mbele ya wote. Nimemsikia mtu akitaja saba ilhali sisi wote tulidhani sita, kwa kuwa alijua kisahani chake kilidondoka mkononi penye kichaka ambapo hakuna aliyemwona. Waulizao kama watu hawa wana dini, nawajibu kwamba sijui, lakini hesabu wanayo.

Hapa nafika penye kiini cha maneno yangu. Chini ya kila kisahani, upande usioonekana kinaporuka, mwenyewe huandika kwa wino jina lake na nambari yake ya simu. Huo si urembo, ni mkataba na watu asiowajua. Msitu una vichaka vya miiba ambamo kisahani huzama kama hakikupata kuwako, na mto uko pale ukipita. Kisahani kikitua majini, mchezo wenyewe unalo jibu jepesi, huongezewa mrusho mmoja na kuendelea kutoka pale kilipovukia mpaka. Kikipotea nchi kavu kanuni huwapa watafutaji dakika tatu. Katika dakika hizo wote hutafuta, pamoja na yule ambaye hasara ya mwenzake ni faida yake, na mwenye kusimama kando akitazama kucha zake hataalikwa tena. Hataambiwa sababu, hataalikwa tu. Dakika zikiisha kundi husonga mbele kwa ajili ya wanaongoja nyuma. Kanuni zinakoma hapo, na hapo ndipo mila inapoanza.

Kwa maana kisahani kilichopotea hakijaacha kuwa cha mwenyewe. Kitaokotwa na mtu mwingine, kesho au baada ya masika mawili, huyo atakigeuza, atalisoma jina, atapiga simu saa ya kistaarabu, na kumwambia asiyemjua, "Ninacho kisahani chako." Vijana hubeba fimbo ndefu zinazokunjuka, zenye kulabu kwenye ncha, kwa kuopolea penye kina kirefu. Mwishoni mwa kiangazi, maji yakipungua na mawe ya mto yakitoka nje, huingia mtoni wakiwa wamekunja suruali, midomo ikiwabadilika rangi kwa baridi, wakatoka na visahani vilivyofunikwa na ukungu wa kijani, wakavisugua na kuvipanga juu ya meza karibu na maegesho ya magari. Mmoja akasoma majina, mwingine akapiga simu. Vingine huwa vimekwenda mbali. Mwanamke mmoja mwenye kazi katika shule ya watoto alipata kisahani chake kutoka Barton, chini sana ya mto, ambako watu waliokuwa wakielea kwa mipira ya hewa siku ya joto walikiona kimekwama katika mizizi. Walikuwa hawajui hata ni kitu cha mchezo gani, ila waliona jina, wakaona aibu kukiacha.

Msomaji atauliza, kama alivyouliza mtoto wa ndugu yangu, ya nini shida yote hiyo kwa kipande cha plastiki kinunuliwacho kwa dola 15 au 20? Swali hilo ni la mtu ambaye hajapata kuwa na kisahani kikuukuu. Kisahani kipya huruka kwa ukaidi, kikipinda upesi kuelekea upande wake. Kila kinapogonga mti au kukwaruza changarawe ukingo wake hulainika, nacho huanza kunyooka, kisha huanza kupinda upande wa pili, hata baada ya miaka kikawa na mwendo ambao hakuna kiwanda kiwezacho kuutoa na hakuna anayeujua ila mwenye mkono uliokichakaza. Mtu hujua kwamba chake hiki, akikirusha chini kidogo na upepo ukitoka mtoni, kitaupita msonobari wa kushoto na kurudi. Kikipotea, dukani hakipo. Amrudishiaye amemrudishia miaka yake, na kwa sababu hiyo haikupata kuwa adabu kulipana. Mwokotaji akipewa fedha hukataa. Akipewa bia hufikiri. Bali akialikwa kucheza duru moja pamoja hukubali, na urafiki mwingi wa mji huu umeanza hivyo, ukiwamo wangu mimi na fundi mmoja wa mabomba, mtu mzima wa maneno machache, ambaye nisingekuwa na sababu yoyote duniani ya kumjua.

Wapo, lazima niseme, waokotao kwa biashara, na hao hawakuanza jana. Huko Largo, Florida, mwaka 2022, mtu aliyeingia katika ziwa la bustani kutafuta visahani aliuawa na mamba. Mungu amrehemu; simtaji kwa kumsimanga, namtaja ili msomaji ajue kwamba kitu kinachochekwa kuwa cha watoto kimekuwa na soko la kumwingiza mtu mzima katika maji ya mamba.

Kuhusu kuingiza kwa mrusho mmoja, nitasema machache. Jambo hilo huja kwa nadra, na wengine hufa hawajaliona. Likitokea, waliopo wote hupiga kelele, wakamkumbatia, kisha kila mmoja huandika jina lake na tarehe juu ya kisahani kile kile, nacho hutundikwa ukutani nyumbani. Na kama siku hiyo ilikuwa ya ligi, huchukua dola zilizokuwa zikichangwa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka. Sharti ni mashahidi. Aliyeingiza akiwa peke yake msituni ana furaha yake, na wenziwe wana mashaka yao, na pande zote mbili huvumiliana. Viko pia vibao vya nambari vinavyoning'inizwa mkobani, kimoja kwa kila mwanachama wa ligi, ambavyo watu hushindania na kubadilishana kila wachezapo. Vijana huvithamini sana.

Pombe ipo, na bangi ipo, ambayo katika jimbo hili ni halali tangu 2015 ingawa si halali kuivuta bustanini; nimeyasema nimeyamaliza. Mavazi yao siwezi kuyatetea. Mashindano makubwa ya Beaver State Fling, yaliyowahi kuwaleta mabingwa hapa kutoka nchi mbalimbali, ni mazuri kwa wenye kupenda umati.

Kinachonipendeza zaidi ni majira ya baridi, ambayo hakuna mgeni ayaonaye. Mvua ya Oregon haina radi wala haraka. Hunyesha tu, tangu Novemba hata Aprili, na ardhi ya kando ya mto hugeuka tope la kumfika mtu kifundoni. Hapo huitishwa siku ya kazi. Hapana mshahara wala orodha ya mahudhurio. Watu huja na majembe, na rukwama, na mbwa, wakasomba vipande vya mbao vilivyosagwa na kuvitandaza njiani na mbele ya sakafu za kurushia, wakakata matawi yaliyoanguka, wakachimba mifereji ya kuyapeleka maji mtoni. Fundi wa umeme akishika jembe karibu na mwalimu, na mwalimu karibu na kijana aliyetoka jela mwezi uliopita, ambaye wote wanajua ametoka wapi na hakuna anayemuuliza. Kadhalika kila mwaka, katika baridi kali, hufanyika mchezo wa hisani ambao umeenea Marekani nzima tangu miaka ya 1980, na kiingilio chake, hapa kwetu, ni vyakula vya makopo kwa ajili ya ghala la wenye shida. Siku hiyo ndiyo niliyojaribu kumleta mtoto wa ndugu yangu mara ya kwanza. Alikaa garini.

Kisha ukaja mwaka 2020. Maradhi ya korona yaliifunga bustani tangu Machi hata Mei, na ilipofunguliwa, watu waliokuwa wamekatazwa sinema, misikiti, makanisa na viwanja vya mazoezi wakagundua kwamba upo mchezo wa nje, usiogusana watu, usio na kiingilio ila ada ya kuegesha gari. Walikuja kwa wingi usiopata kuonekana. Sikuwachukia; nani amchukiaye mtu aliyefungiwa miezi miwili? Mwezi wa Septemba ukaja moto wa msituni ulioitwa Riverside, anga ikawa nyekundu saa nane za mchana, na mji wote wa Estacada ukaamriwa kuhama. Katika usiku ule wa fadhaa niliona matunda ya mila niliyoieleza, maana warusha visahani walikuwa na nambari za simu za watu wa kila namna, wenye magari ya kubebea farasi, wenye vyumba vya ziada Oregon City, wenye ghala kavu, na nambari hizo hawakuzipata katika chama wala kanisa. Walizipata kwa kurudishiana visahani. Simu zikapigwa hata alfajiri.

Moto ulizimika, wageni wakabaki, na mila ikaanza kulegea. Wengi wa wachezaji wapya hawaandiki majina. Kwanza nilidhani ni uvivu, hata mtoto wa ndugu yangu, ambaye ajabu ya Mungu sasa ndiye mchezaji mkubwa kuliko mimi, mwenye mkoba wa kuvaa mgongoni wenye visahani zaidi ya ishirini, akanieleza. Kisahani chenye wino, alisema, hupungua bei. Wapo wanaokusanya visahani vya toleo hili na muhuri ule, wakavinunua leo ili wakaviuze mwakani kwa faida, na jina la mtu chini yake ni dosari. "Basi kikipotea?" nikamwuliza. "Kikipotea, Shangazi, nanunua kingine."

Nilimjibu kwa ukali, nami sijutii. Nilimwambia kwamba ameyaacha maji yamchukulie kitu chake bila hata kumwachia mtu wa chini ya mto nafasi ya kumtendea wema. Akasema mila hubadilika, na kwamba hata mimi sivai kama bibi yangu. Hoja hiyo ina nguvu yake, lakini haijibu shauri lililo mbele yetu. Kaniki ya bibi yangu haikuachwa kwa sababu mtu alionyesha kwamba ina thamani zaidi ikikaa sandukuni. Mila inayoachwa kwa kuwa maisha yamehama, hiyo naweza kuizika. Hii yetu inauzwa, na wanunuzi hawajui wamenunua nini. Karatasi ya hesabu nayo imekwisha, kila mtu huibonyeza simu yake kimya, na ile desturi ya kutaja idadi yako kwa sauti mbele ya wenzio imebaki kwa wazee na siku za ligi. Juzi kundi la vijana lilinipita likipiga muziki katika kipaza sauti kilichofungwa mkobani. Farasi alikuwa njiani, na hapana aliyeteremsha mkono.

Ninalolitaka si kubwa. Nataka wino. Nimemwambia kila mwenye kusikia kwamba kalamu moja huandika visahani vya mwaka mzima, na wenye ligi wamekubali kuweka kalamu kwenye meza ya usajili, ingawa wapo waliolalamika kwamba huu ni udikteta wa akina mama.

Mwezi uliopita niliingia katika duka moja, ambalo halipo Estacada, lenye sanduku la visahani vilivyotumika, nikakuta ndani yake kisahani cha rangi ya machungwa, kikuukuu hasa, ukingo umelainika kama inavyotakiwa, na chini yake jina na nambari ya simu, vilivyojaribiwa kufutwa kwa dawa vikakataa. Nikamwuliza muuzaji kama mwenye jina amepigiwa simu. Akasema wao hununua kwa mafungu. Nikalipa dola nane, nikatoka nje, nikapiga ile nambari palepale kwenye maegesho. Mtu akapokea. Nikamwambia ninacho kisahani chake. Akauliza cha rangi gani, nikamwambia. Akacheka, akasema alikipoteza mtoni miaka mingi iliyopita, hajacheza tangu mgongo umeanza kumsumbua, nikichukue tu kiwe changu.

Nikamwambia siwezi, jina lililoandikwa si langu, na nikamwuliza anakaa wapi.

Akasema Sandy.

Nikasema Sandy ni karibu, nitamletea Jumamosi.

Akasema Jumamosi hatakuwapo.

"Basi," nikasema, "Jumapili."